Mchwa Wenye Kinga

Kwaru. Kwaru-kwaru. Kimya. Kisha tena, kwaru.

Hata jogoo alikuwa hajakohoa. Nilikuwa nimelala sebuleni, kwenye mkeka, kati ya meza na kochi. Sauti ilitoka chumbani kwangu, chumba ambacho mimi mwenyewe siruhusiwi kuingia.

Nikamsukuma Mzee wangu begani. "Mzee, amka. Kuna kitu chumbani."

"Chai?" akauliza.

Masikio ya mume wangu yalistaafu kabla yake.

"Si chai! Kuna kitu kinakwaruza!"

"Haya, mimina."

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, nakurudisha nyuma kidogo. Ng'ambo ya ukuta wetu ipo ofisi ya Shirika la Ujirani Mwema. Ni shirika la mataifa mengi, na kazi yake ni kufundisha watu kuishi vizuri na majirani. Bomba lao lilipasuka, chumba cha nyaraka kikajaa maji, na dereva wao akaja mbio kuuliza kama tuna mahali pakavu. Nikatoa chumba changu. Jirani ni jirani.

Maboksi yalipokwisha kuingia, mwanasheria wao akafuata nyuma. Ni kijana mwembamba, tai imemkaba koo, na kila akifungua mdomo linatoka neno kinga. Mtaa mzima tunamwita Bwana Kinga. Akanieleza kwamba nyaraka za Shirika haziguswi popote zilipo, awe nani anayezishika. Dirisha la nondo akaliziba kwa karatasi ya kaki. Mlango akaufunga, akabandika karatasi nyekundu yenye mhuri, nusu mlangoni, nusu kwenye fremu. Halafu akapigilia kibao nje, juu ya mlango mkubwa: MAHALI HAPA HAPAINGILIKI BILA IDHINI YA MKUU WA OFISI.

Nguo zangu ndani. Koti zuri la Mzee ndani. Kitanda ndani. Sisi sebuleni, kwa hisani ya Shirika.

Nililia, mnajua. Kisha akaja shemeji yangu, mdogo wake Mzee, ameongozana na dalali wa mahakama kututoa nyumbani. Alikuwa ameshinda kesi kwa kudai nyumba hii iliachwa na marehemu baba yao. Nyumba ambayo Mzee wangu, fundi uashi, aliijenga kwa mikono yake, na mimi nikimkorogea saruji nikiwa na mimba ya mwanetu wa kwanza! Marehemu baba mkwe hakuacha hata ndoo.

Dalali akasoma kibao. Akakisoma tena. Akavua kofia. "Mama, hapa siingii. Hata hakimu aliyenituma haingii."

Hapo ndipo machozi yangu yalipokauka. Rufaa yetu inasikilizwa Jumatatu. Maboksi yakikaa mpaka Jumatatu, na sisi tunakaa. Yakitoka, tunatoka nayo. Habari yote ni hiyo.

Sasa, kwaru-kwaru.

Mzee aliposhindwa kupata chai, aliamka. Akaweka kiganja kwenye ukuta wa chumba, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Uso wake ukabadilika.

"Mchwa," akasema.

Nikaleta taa. Chini ya fremu ya mlango ilitokeza njia ya udongo, nyembamba kama kidole, imepanda hadi kwenye ile karatasi nyekundu, ikapita juu ya mhuri, ikaendelea na safari. Kitu ambacho dalali, hakimu na mimi tulikiogopa, wao walikuwa wamekifanya daraja.

"Wanakula maboksi," nikasema kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto, maana bila hiyo hasikii.

"Maboksi yaliingia yamelowa. Mchwa na karatasi iliyolowa ni harusi. Lakini hawataishia hapo. Wakimaliza karatasi wanapanda boriti zangu." Akanyoosha mkono. "Lete mafuta ya taa."

Kila msimu Mzee hupaka boriti zile oili chafu kwa brashi, juu ya ngazi, akiimba. Msimu huu hakupaka. Angepakaje, na mlango una mhuri?

"Ukimwaga mafuta hapo karatasi itabanduka," nikamwambia. "Itabanduka, yule kijana atasema tumeigusa, maboksi yataondoka leo leo. Na mdogo wako atarudi na dalali."

"Mhuri unashika paa?"

"Mzee, ngoja nikaseme naye kwanza."

Akanitazama. "Kaseme naye. Ila mchwa hawangoji vikao."

* * *

Ukitaka kuijua kinga, usisome vitabu, simama mbele ya zahanati yetu. Zahanati inatazamana na ofisi ya Shirika. Gari la Mkuu, lile lenye namba za kibalozi, limeegeshwa mbele ya geti la zahanati tangu Mkuu aliposafiri. Amekwenda mkutanoni nje kuzungumzia ujirani. Trafiki haliandikii faini. Winchi hailigusi. Asubuhi ile niliwaona muuguzi na mwenzake wamebeba mtungi wa oksijeni begani, wanajipitisha kiubavu kati ya gari na nguzo kama watu wanaoiba.

"Bibi, habari za asubuhi," muuguzi akaniambia, jasho linamtiririka.

"Nzuri, mwanangu. Bado halijaondoka?"

"Tumelizoea. Juzi tulilifuta vumbi."

Getini mlinzi akaniuliza, "Una miadi?"

"Nina mchwa."

Akafikiri kidogo, akafungua. Dereva wao, yule yule wa siku ya bomba, aliniona nimesimama juani. Akaacha kupakua friji mpya ya Mkuu, iliyoingia nchini bila kulipiwa ushuru, akaniletea kiti kivulini na kikombe cha chai. Alikuwa amekumbuka kwamba natumia sukari kidogo. Mambo kama hayo siyasahau. Mtu akikumbuka sukari yako, huyo amekuona.

"Bibi," akanong'ona, "shemeji yako yumo ndani. Angalia."

Shemeji akatoka kwenye mlango wa idara ya utawala, suti imempendeza, anacheka na mtu aliyebaki ndani.

"Ah, shemeji! Umekuja kuwaaga?"

"Nimekuja kuwasalimu. Na wewe?"

"Mimi nina biashara." Akasogea, akainama sikioni kwangu. "Shirika linatafuta pa kuegesha magari. Nimewaambia ninacho kiwanja hapo hapo ukutani. Kina nyumba kuukuu, lakini itabomolewa."

Kikulacho kimo nguoni mwako, walisema wazee. Changu kimo nguoni na kimevaa tai.

Nikaingia kwa Bwana Kinga, kikombe cha chai mkononi. Ofisi yake ina baridi kama sandukuni mwa barafu. Mezani kulikuwa na kitabu kinene, na pembeni nusu biskuti imewekwa juu ya kitambaa, kama ya mtu aliyepanga kuila polepole.

Akasimama. "Shikamoo, Bibi."

Nampa haki yake. Salamu haijawahi kumpita.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Akashtuka. Nadhani katika jengo lile lote hakuna aliyewahi kumuuliza. "Nitakula baadaye."

"Mwanangu, nimesikia mnataka kuegesha magari juu ya kitanda changu."

"Maegesho ni idara nyingine, Bibi. Mimi ni nyaraka."

"Haya, basi tuseme nyaraka. Mchwa wameingia kwenye maboksi yenu."

Akakaa. Akasimama tena. "Wameingia kwa idhini ya nani?"

"Hawakubisha hodi."

"Kinga inasema hakuna mtu wala mamlaka yoyote inayoweza..." Akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye mistari. "Mtu. Polisi. Mtoza kodi. Mamlaka ya mahakama. Mdudu hakutajwa." Akafunga kitabu kwa huzuni. "Basi hatuna njia. Bomba limeshatengenezwa. Kesho asubuhi tunakuja kuyachukua maboksi yote."

Kesho ilikuwa Alhamisi, na rufaa ni Jumatatu.

Mlangoni kukasikika kicheko. Shemeji hakuwa ameondoka. "Kesho asubuhi? Vizuri sana! Ngoja nimpigie dalali."

Wasomaji wangu, mimi shule niliishia kujua kusoma gazeti na kuandika barua ya salamu. Lakini nimelea watoto na wajukuu, na najua namna ya kumuuliza mtoto swali moja baada ya jingine mpaka ajifunge mwenyewe. Nikaweka kikombe chini.

"Mwanangu, nielekeze mimi bibi yako. Karatasi ikiliwa nusu, ile nusu iliyobaki ni nyaraka?"

"Ni nyaraka kabisa."

"Na unga uliodondoka chini? Nikiufagia, nitakuwa nimekosa?"

Akakunja uso. "Nyaraka ni nyaraka kwa hali yoyote itakayokuwa. Usifagie, Bibi."

"Sifagii. Sasa, na ile iliyomo tumboni mwa mchwa?"

Kiyoyozi kikanguruma. Bwana Kinga akafungua tena kitabu, akasoma kwa sauti ndogo, midomo ikitetemeka: "Popote zilipo... awe nani anayezishika..." Akainua kichwa. Uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyefunga kamba za viatu peke yake kwa mara ya kwanza.

"Bibi! Mchwa ni washikaji wa nyaraka!"

"Ndicho nilichokuwa nakiogopa," nikasema, nikashika tama.

"Hawauawi! Hawahamishwi! Ukibeba boksi unawavuruga, ukiwavuruga umevuruga nyaraka. Hakuna kinachotoka humo mpaka Mkuu mwenyewe aondoe kinga kwa sahihi yake. Na Mkuu anarudi Jumanne."

Jumanne! Siku moja baada ya rufaa. Nilitamani kumbusu utosini.

Shemeji alikuwa ameganda mlangoni, simu sikioni. "Mchwa wana kinga? Mimi ndugu wa damu sina, mchwa wanayo?"

"Wewe hushiki nyaraka," Bwana Kinga akamjibu, bila ubaya wowote.

Nilitoka pale natembea kama bibi harusi. Nilipofika kwa dereva nikamrudishia kikombe, nikamwambia chai yake imefungua milango.

* * *

Nilidhani Mzee atacheka. Nilimweleza yote, tena kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Hakucheka.

"Kwa hiyo mchwa wana wakili," akasema, "na mimi sina."

"Mpaka Jumatatu tu, Mzee wangu."

"Boriti haijui Jumatatu."

Akaenda kutafuta mafuta ya taa. Hakuyaona, maana nilikuwa nimeyaficha chini ya ndoo ya nguo chafu, mahali ambapo mwanamume hatazami.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Nakiri gazetini kwa sababu nyumbani sijaweza.

Mchana ule joto lilikuwa kali, na ile njia ya udongo ilianza kukauka na kupasuka. Nikaingiwa na hofu. Mchwa wakihama je? Bwana Kinga atakuja kesho, atakuta hakuna washikaji, atabeba maboksi yake, na nyuma yake dalali. Mzee alipokwenda uani, nilichovya vidole kwenye kikombe cha maji nikawanyunyizia. Taratibu, kama mtu anayemwagilia mche. Mzee alipoingia, nikaacha. Alipotoka, nikanyunyiza tena, na safari hii nikamimina kidogo chini ya mlango, maji yakaingia ndani.

Wakastawi. Jioni njia zilikuwa nyingi. Nikawasikia wanakula, na mimi nikawaombea hamu ya kula.

Alhamisi asubuhi Bwana Kinga akaja na utepe wa njano na tochi. Akapiga magoti mbele ya mlango wangu, akamulika, akahesabu njia kwa kidole, akazungushia utepe. Kisha akabandika karatasi ndogo: WASHIKAJI WA NYARAKA. WASISUMBULIWE.

Mzee alisimama nyuma yake, nyundo mkononi. "Anawaandikia cheti cha kuzaliwa?"

"Mzee, shikamoo. Tafadhali usikanyage kwa kishindo. Wana kinga."

"Marahaba. Mimi nina nyumba."

Nikamletea kijana chai na viazi vya kuchemsha. Alikula vyote amesimama, haraka haraka, akashukuru mara mbili. Nikajisemea, huyu naye amefungiwa mahali pasipoingilika, hakuna anayemjia.

Hajamaliza kufuta mikono, shemeji akafika na dalali. Shemeji hakuamini habari za jana, alitaka kuona kwa macho. Dalali akasoma kibao cha nje. Akaingiza kichwa mlangoni bila kuingiza miguu, akausoma utepe, akaisoma karatasi ndogo.

"Mimi kazi hii nimeifanya tangu nina nywele," akasema. "Nimetoa wapangaji. Nimetoa mabaa. Nimemtoa hata mkwe wangu. Mchwa sijawahi."

"Fanya kazi yako!" shemeji akafoka.

"Kaka, hao ni wakubwa kuliko mimi."

Akavaa kofia yake. Lakini kabla ya kuondoka akaniita pembeni, akasema polepole, "Mama, boriti inayotokeza pale juu ya mlango wa chumba imepinda. Nimeona mapaa mengi. Usilale chini yake."

Hakuwa na sababu ya kuniambia. Alikuja kunitoa nyumbani, akaondoka ameniokoa kichwa. Binadamu ni kitabu kikubwa.

Nikageuka nimwangalie Mzee kama ameisikia. Mzee hakuwepo, na tangu nilipokwenda kuchemsha viazi sikuwa nimemwona.

Du.

Du. Du.

"Nini hicho?" Bwana Kinga akauliza.

Ilitoka nyuma ya nyumba. Tulikimbia wote: mimi, kijana, shemeji. Chini ya ukuta wa nyuma wa chumba changu palikuwa na tundu la kupitisha mtu. Matofali yalitolewa moja moja, yakapangwa pembeni kwa mstari ulionyooka, maana fundi ni fundi hata akiwa na hasira. Ile nguzo ya mti aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kibanda cha kuni haikuwepo. Pembeni ya matofali, viatu vya Mzee, kisigino kwa kisigino. Alivivua kabla ya kuingia, kwa sababu chumbani kwangu huwa haingii na viatu.

Bwana Kinga akashika kichwa. "Ukutani sikuweka mhuri!"

Kwenye dirisha, karatasi ya kaki ikachanika kutoka ndani. Uso wa Mzee ukatokea nyuma ya nondo, umejaa vumbi. Na alikuwa amevaa koti lake zuri.

"Boriti ya kati imebaki ganda!" akapaza sauti. "Ndani ni unga mtupu. Nimeisimamishia nguzo, nimeipigia kabari. Lakini lazima nikae nayo, kabari inateleza!"

"Toka, Mzee!" nikamlilia. "Itakuangukia!"

"Ee, nimevaa koti!"

Shemeji alikuwa ameshapata alichokitaka. Askari wa doria alikuwa getini pa zahanati, analizunguka lile gari la Mkuu kwa heshima. Shemeji akamwita. "Afande! Huyu amevunja mahali pasipoingilika! Mkamate!"

Askari akainama kwenye tundu. Bwana Kinga akamwahi, akatanua mikono kama golikipa.

"Huingii. Askari haingii."

"Siingii kukaa. Namtoa mhalifu."

"Bila idhini ya Mkuu humtoi."

"Sawa, atoke mwenyewe, nitamkamata nje."

"Akitoka ni wako," Bwana Kinga akakubali.

"Na asipotoka?"

Kijana akafumba macho. Nilimwona anatafuta ukurasa kichwani. "Asipotoka," akasema kwa sauti ya mtu anayehurumia sheria yake mwenyewe, "yuko ndani ya kinga. Hakuna wa kumgusa."

Basi ndivyo mume wangu alivyopata hifadhi ya kidiplomasia chumbani kwake, kati ya kitanda chetu na kabati la nguo. Mke wake nje, ndugu yake nje, serikali nje. Ndani ni yeye, mchwa, na boriti iliyobaki ganda.

Nikamkabili shemeji. "Umeridhika? Kaka yako yumo mle, paa juu yake."

Nilitegemea walau kope zitatikisika. Akatoa simu.

"Akae mpaka lini? Nimeshazungumza na watu wa maegesho, wamempigia Mkuu. Amekatisha mkutano." Akaweka simu mfukoni, akajipapasa tai. "Mkuu anatua Jumamosi asubuhi. Sahihi moja tu, shemeji, na kinga yote imekwisha. Ya maboksi, ya mchwa, na ya mumeo."

Nikamtazama Bwana Kinga. Akatazama viatu vyake.

"Ni kweli, Bibi," akasema. "Mkuu akitaka, anaweza."

Hivyo mwavuli ule niliodhani nimejificha chini yake una mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani anakuja kuuchukua.

* * *

Jioni watu walipotawanyika, nilipeleka chai dirishani. Askari alikuwa amekaa kwenye kigoda changu karibu na tundu. Alijitahidi asitutazame, nikamshukuru moyoni kwa hilo. Shemeji alikuwa barabarani na simu yake. Bwana Kinga hakuwa ameondoka, alisimama kwenye kona ya nyumba, mikono mfukoni, kama mtoto aliyevunja chungu na hajui amwambie nani.

Nikapitisha kikombe kati ya nondo. Mzee akakipokea kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa kwenye nguzo.

"Kitanda chetu kizima," akasema. "Hawakukigusa. Nilikipaka oili mwaka ule, unakumbuka?"

"Nakumbuka!"

"Boksi moja limefumuka. Unajua ni nini tulichokuwa tunalindiwa?"

Bwana Kinga akaziba masikio. "Sijasikia! Mzee, sijasikia!"

"Kalenda," Mzee akasema. "Kalenda za zamani. Kila mwezi picha ya majirani wanapeana mikono."

Nilicheka mpaka nikalazimika kushika nondo. Na yeye akacheka. Kwa muda mfupi tulikuwa vijana tu, wawili, na dirisha.

Kisha akaacha kucheka. Akaitazama sakafu nyuma yake.

"Mama watoto."

"Abee!"

"Hapa chini ya mlango udongo umelowa. Mchwa wamefuata unyevu, wakapanda kutoka hapa mpaka kwenye boriti. Paa halivuji. Bomba hatuna humu. Maji yametoka wapi?"

Wasomaji wangu, siku zote nimeyapenda masikio yake mabovu, kwa sababu ya mambo mengi niliyoweza kunung'unika asiyasikie. Siku ile yalinigeukia. Mume wangu hasikii mnong'ono. Nikitaka kukiri kwake, lazima nipige kelele, na nikipiga kelele atasikia askari, atasikia shemeji, atasikia yule kijana aliyeamini kwamba mchwa walikuja wenyewe.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Juu ya kichwa chake boriti ikalia, kwee, na kabari ikasogea kidogo tu, upana wa ukucha. Yeye hakusikia. Mimi nilisikia.

Mzee akanirudishia kikombe. Vidole vyake vikagusa vyangu kati ya nondo, vikakaa.

"Si kitu, utaniambia ukipenda," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Ila uje tena kesho unitembelee, mke wangu. Na ubishe hodi. Nasikia hapa hapaingiliki."